Msiondoe lugha zetu hewani: barua ya wazi kwa wasimamizi wa redio za jamii za Fizi na Baraka

Kwa kamati za usimamizi za redio za jamii, teritwari ya Fizi na mji wa Baraka
Kwa mashirika na wahisani wanaozisaidia redio hizo
Nakala kwa viongozi wa sekta za Mutambala, Ngandja, Lulenge na Tanganyika, na kwa waganga wakuu wa zoni za afya

Lulimba, Jimbo la Kivu Kusini

Ndugu wasimamizi,

Nawasalimu kwa heshima wanayostahili watu wanaowasha mitambo alfajiri mahali ambapo barabara hukatika kila mvua, umeme hakuna, na posho mara nyingi hubaki ahadi. Kazi yenu tunaiona na tunaisikia. Naandika nikiwa msikilizaji wa miaka mingi, na ombi langu nalitanguliza ili asiwepo wa kulitafuta: msiviondoe vipindi vya Kibembe, Kinyamulenge, Kifuliiru na Kirundi katika ratiba zenu.

Najua shinikizo linatoka wapi. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la USAID, na miradi mingi iliyoishi kwa fedha hizo ikasimama au ikapunguzwa. Mafuta ya jenereta hayashuki bei. Betri za sola zinakufa. Kila mtangazaji wa ziada anahitaji nauli na chakula. Fedha zikipungua, mtu hutazama ratiba, huona tangazo moja likisomwa mara nne au tano kwa lugha tofauti, na husema: tulisome mara moja kwa Kiswahili, maana Kiswahili kila mtu anakijua. Anayesema hivyo hana nia mbaya. Lakini akisikilizwa, redio itabaki na wale wanaoihitaji kidogo na kuwapoteza wanaoihitaji zaidi.

Kiswahili nakipenda, na ndicho ninachowaandikia. Lulimba tuko njia panda. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira, inapita Baraka, Fizi na Misisi, inatufikia sisi, kisha inashuka kwenda Kalemie. Magharibi yetu ni Kabambare na Maniema. Sokoni kwetu siku moja utasikia Kiswahili cha Kalemie, cha Kasongo, cha Bukavu, na kile cha Kigoma kilichorudi na ndugu zetu walioishi kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 tulipokimbia vita. Mbembe anauziana na Mbuyu, Mfuliiru anabeba mzigo wa Mbangubangu, na wote wanaelewana. Bila Kiswahili soko hilo lisingekuwepo. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara yake ya kwanza, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Ibara hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba lugha nyingine za nchi ni sehemu ya urithi wetu, na Serikali inabeba wajibu wa kuzilinda. Anayetetea Kibembe hewani hapigani na Kiswahili. Vyote viwili vimelindwa na maandishi yale yale.

Basi tuutazame huo usemi wa kwamba kila mtu anakijua. Anayeusema huwa anawaza watu anaokutana nao: dereva, mwendesha pikipiki, mchimba dhahabu wa Misisi, mwanafunzi, mfanyabiashara. Hao wanakijua kweli. Huwa hawawazi wamama wa vijiji vya milimani, ambao wameolewa, wamelima na kuzeeka ndani ya Kibembe. Hawawazi wazee wanaoishi na ng'ombe miezi yote, wala watoto ambao hawajaanza shule, wala Warundi waliopokelewa kambi ya Lusenda tangu mwaka 2015, ambao wengine walifika bila neno la Kiswahili. Watu hawa wakisikia Kiswahili wanapata salamu, bei na majina ya mahali. Tangazo lenye masharti, tarehe na onyo linawapita.

Niwaonyeshe nilichokiona mwenyewe. Kiangazi kimoja nilihudhuria kikao cha usuluhishi pembeni ya Lulimba. Ng'ombe walikuwa wameingia shamba la mihogo. Upande mmoja alikaa mama mzee mwenye shamba, mkononi ameshika shina la muhogo lililokatika, sombe yake yote imeliwa. Upande wa pili alikaa mzee mfugaji, fimbo yake ameilaza juu ya magoti. Afisa aliongea Kiswahili kizuri cha ofisi. Alieleza njia za kupitisha ng'ombe, mahali pa kunywesha, fidia ya shamba, malipo ya itulo, na siku ambayo mifugo ingepaswa kuwa imeondoka. Kila alipotua, mama aliitikia kwa kichwa. Mzee naye aliitikia kwa kichwa. Kikao kilipofungwa watu wakashikana mikono. Ndipo mzee akamgeukia kijana wake na kumuuliza jambo kwa Kinyamulenge, na mama akamvuta mjukuu wake karibu akamuuliza kwa Kibembe: wamesema nini? Nilikuwa karibu na mama, nikamsikia mjukuu akijibu. Alieleza habari za fidia vizuri. Siku ya kuondoka kwa ng'ombe hakuitaja kabisa.

Ninyi mnajua, kama ninavyojua, thamani ya siku hiyo iliyosahaulika. Itulo, yaani malipo ambayo wafugaji huwapa wakubwa wa kimila ili wapate kulisha mifugo katika ardhi yao, imekuwa chanzo cha ugomvi kwa miaka mingi katika Fizi na Itombwe: nani apokee, kiasi gani, kwa msimu upi. Ugomvi wa shamba moja hapa kwetu haukai kwenye shamba hilo. Unafika kwa wenye bunduki wa upande huu na wa upande ule, na watu waliolala wakiwa majirani wanaamka wakimbizi. Tangazo la dakika tano, lililosomwa kwa Kibembe na kwa Kinyamulenge siku tatu mfululizo kabla ng'ombe hawajashuka, likitaja njia zile zile na tarehe ile ile kwa lugha zote mbili, ni kazi ambayo redio yenu inaweza kuifanya. Sijui chombo kingine kinachoweza kuifanya kwa gharama hiyo.

Jambo la pili ni afya. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kwamba imekwisha Juni 2020, na mwezi Agosti 2019 ilifika Mwenga, jirani zetu kabisa. Katika mlipuko huo fedha nyingi zilitumika kuchapa na kutangaza ujumbe. Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilifanya utafiti Beni na Goma, na likakuta kwamba ujumbe wa Kifaransa na wa Kiswahili sanifu haukuwafikia watu wengi kama ilivyodhaniwa. Watu walitaka kuelezwa kwa maneno wanayoyatumia nyumbani, na penye pengo la maelezo uvumi ukapata nafasi. Ikiwa hali ilikuwa hivyo katika miji mikubwa, tujiulize ikoje Lulenge na Ngandja.

Baadaye ikaja mpox. Aina mpya ya virusi vyake iligunduliwa Kamituga, mji wa dhahabu katika teritwari ya Mwenga, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura kwa dunia nzima. Watu wa Kamituga na watu wa Misisi ni wachimbaji wale wale. Anayesikia dhahabu imetoka mahali pengine hufunga mkoba na kuhama. Kipindupindu nacho hakijawahi kutuaga katika vijiji vya kandokando ya Tanganyika. Reko wetu, wahamasishaji wa afya wa kujitolea, wanatembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji wakieleza maji yatiwe dawa na mgonjwa anyweshwe chumvi na sukari kwa vipimo gani. Reko anayefika mahali ambapo redio imekwisha kusema maneno hayo kwa lugha ya wenyeji hukuta watu wenye maswali. Asipotanguliwa na redio, hukuta watu wenye mashaka.

Ipo hofu ambayo watu huisema kwa sauti ya chini, nami naomba tuiseme wazi. Wengine wanaogopa kwamba lugha za makabila redioni zitageuka silaha: mtu atatukana kabila lingine kwa lugha ambayo wasimamizi hawaielewi. Hofu hiyo ina msingi. Sote tunaikumbuka redio RTLM ya Kigali, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na hukumu ambayo mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatolea waasisi wake mwaka 2003. Lakini tuitazame Rwanda vizuri. Chuki ile ilirushwa kwa Kinyarwanda, lugha ambayo muuaji na aliyeuawa waliizungumza wote tangu utotoni. Kuwa na lugha moja hakukuwaokoa. Halafu tuitazame Burundi, ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1995, vita vikiwa vinaendelea, Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura ikiwa na waandishi Wahutu na Watutsi wakiandaa habari pamoja, na mwaka 1997 ukaanza mchezo wa redio wa Umubanyi niwe Muryango, uliohusu familia mbili jirani, na Warundi wengi wakaufuatilia. Lugha ilikuwa Kirundi, ndugu wa karibu kabisa wa kile Kinyarwanda cha RTLM. Kilichoitofautisha Studio Ijambo na RTLM ni nani aliyekuwa chumba cha habari na kwa kanuni gani. Kinga yetu basi ni kuwaweka pamoja watu wa lugha zote, wasikilizane kabla ya tangazo kwenda hewani. Tukiifunga lugha moja, wanaoizungumza watapata habari zao kwenye sauti zinazotumwa kwa WhatsApp, ambako hakuna mhariri wala wa kumuuliza.

Najua pia wapo watakaosema: Kibembe kibaki, Kinyamulenge kitoke. Kwingine watasema kinyume chake. Kwa wote wawili jibu langu ni moja. Vijiji vimechomwa pande zote, na makaburi yapo pande zote. Redio ya jamii ikichagua lugha ya kabila moja na kuiacha ya jirani, imechagua upande, hata kama barua ya uamuzi itataja mafuta na bajeti. Na siku redio hiyo itakapotaka kutangaza amani, nusu ya watu hawatakuwa wakiisikiliza.

Wengine hututolea mfano wa Tanzania. Wanasema wenzetu walijenga taifa kwa Kiswahili, nasi tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, basi tufuate njia yao. Naiheshimu sana njia ya Mwalimu Nyerere, na wengi wetu tulikula mkate wake tulipokuwa wakimbizi. Lakini Kiswahili cha Tanzania hakikuenezwa na redio peke yake. Kilienezwa kwa shule kila kijiji, na kwa kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970, ambapo wazee walikaa madarasani jioni wakijifunza kusoma. Nchi ilikuwa na amani ya kutosha mwalimu kubaki kituoni miaka kumi. Fizi imepata nini? Uasi wa mwaka 1964, maquis ya milimani kwa miaka mingi baada yake, vita vya 1996, vita vya 1998, na makundi yenye silaha hadi leo. Mama niliyemtaja pale juu alikuwa binti wakati madarasa yamefungwa. Hatuwezi kumdai leo matunda ya shule ambayo hakupewa.

Sasa nizungumze nanyi wahisani. Anayejua Kiswahili hapa Lulimba hakosi redio. BBC inamtangazia tangu 1957, Deutsche Welle tangu 1963, RFI tangu 2010. Redio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002, inamfikishia habari za nchi kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, na haijawahi kudhani kwamba lugha moja ingeitosha Kongo. Lakini hakuna London, Bonn wala Kinshasa itakayomwambia mfugaji wa Lulenge, kwa lugha yake, kwamba chanjo ya watoto ni Jumatano. Mkilipia saa moja ya Kiswahili mnaongeza sauti moja kwenye nyingi. Mkilipia dakika kumi za Kinyamulenge au Kibembe mnatoa kitu ambacho hakipo kwingine. Sauti za mbali nazo hazina uhakika: Sauti ya Amerika, iliyotangaza kwa Kiswahili tangu 1962, ilinyamazishwa Machi 2025 kwa uamuzi uliofanywa Washington.

Na mahali petu pana funzo la zamani kwa kila mgeni anayekuja kusaidia. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akaja katika milima hii kuusaidia uasi niliokwisha kuutaja. Lulimba ilikuwa mojawapo ya maeneo ya mapambano, na jina lake limo katika maandishi aliyoyaacha. Alikuja na silaha, na wapiganaji wazoefu, na mpango. Ili aongee na watu aliokuja kuwapigania alipewa kijana mdogo, Freddy Ilanga, amfundishe Kiswahili na kumtafsiria. Kambini kulikuwa na Kihispania, Kifaransa, Kinyarwanda, Kiswahili na lugha za wenyeji, na kutoelewana kulikuwa mojawapo ya shida alizoziandika mwenyewe. Novemba mwaka ule ule aliondoka. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, lakini hiyo ya lugha haihitaji silaha kuirekebisha.

Sitaki kulalamika na kuwaachia mzigo. Haya ndiyo ninayoyapendekeza.

Kwanza, punguzeni vipindi kabla ya kupunguza lugha. Muziki, salamu, michezo na matangazo ya biashara vibaki kwa Kiswahili peke yake, hakuna atakayedhurika. Mambo manne yasomwe kwa lugha zote: afya, usalama wa njia, ardhi na malisho, na tarehe za shule na uchaguzi.

Pili, toeni dakika tano kwa kila lugha, saa ile ile kila siku, asubuhi kabla watu hawajakwenda shamba na jioni wakiwa wamerudi. Msikilizaji akijua saa yake atawasha redio saa hiyo na kutunza betri. Taarifa ndefu ya nusu saa inayosomwa siku isiyojulikana hula mafuta zaidi na husikika kidogo zaidi.

Tatu, rekodini matangazo hayo kwa simu na kuyaweka kwenye memori kadi. Reko, walimu, wachungaji na maimamu wayachukue. Kazi iliyofanywa mara moja itasikika kanisani, msikitini, kwenye foleni ya zahanati na kwenye machimbo, bila kuongeza hata lita moja ya mafuta.

Nne, undeni kamati ya wasikilizaji yenye mtu mzima mmoja kutoka kila jamii ya lugha, na wamama wasipungue nusu. Wakutane kila mwezi, wasikilize rekodi za mwezi uliopita, na wawe na haki ya kusimamisha kipindi chochote chenye matusi au uchochezi, kwa lugha yoyote ile, Kiswahili kikiwemo. Baraza la CSAC, linalosimamia vyombo vya habari, lipo Kinshasa na sheria yake ipo, lakini hatuwezi kungoja Kinshasa isikilize Kibembe.

Tano, kabla ya kuamua, njooni muulize. Msiulize Baraka mjini peke yake, wala msiulize kwa Kiswahili peke yake. Kaeni siku moja Lulimba, siku moja Misisi, siku moja kwenye vijiji vya juu, na siku moja Lusenda. Waulizeni watu walisikia nini wiki iliyopita na wanakumbuka nini. Majibu hayo yatawafaa kuliko hesabu yoyote iliyofanywa ofisini.

Nasi wasikilizaji tuna wajibu wetu, na sitaukwepa. Redio ya jamii isiyochangiwa na jamii ni redio ya mhisani. Wapo hapa Lulimba walimu na wanafunzi wanaosoma na kuandika vizuri lugha za kwao, wanaoweza kuandaa matangazo kwa zamu bila kudai posho ya kila siku. Wapo wafanyabiashara wanaoweza kutoa mafuta ya wiki. Wapo wafugaji wanaoweza kuuza ng'ombe mmoja kwa mwaka kwa ajili ya betri, ikiwa redio itasema nao. Watu huchangia kitu wanachokiona kuwa chao, na lugha ni alama ya kwanza ya umiliki huo.

Mkipitisha uamuzi wa kuziondoa lugha hizi, utatangazwa kwa Kiswahili, na wale unaowahusu zaidi hawatausikia. Kwa ajili yao, nawasihi mlirudishe jambo hili kwa jamii kabla ya kupiga kura. Pangeni siku, tutangazieni kwa lugha zote, nasi tutakuja.

Wenu katika kuijenga Fizi,

Msikilizaji wa Lulimba